Jina la Nane

Magongo, Jumatano, baada ya Alasiri

Mwanangu Rashidi,

Assalamu alaykum. Wewe uko uani unafunga sanduku lako kwa kamba, ingawa kufuli zake ni nzima, na mimi niko chumbani, hatua kumi kutoka hapo ulipo, nakuandikia barua. Najua ni kichekesho, mtu mwenye ulimi wake na mwanawe yu karibu, anatafuta kalamu. Lakini tangu Jumapili nimejaribu kukwambia kwa mdomo, na kila nikianza najikuta nakuuliza kama umekata tikiti. Umeshanijibu mara nne kwamba umekata. Mara ya mwisho ulinitazama vile watu wanavyowatazama wazee walioanza kusahau.

Sitakuandikia habari za baridi ya Nakuru, wala sweta, wala kuswali kwa wakati, wala usimwachie mtu begi lako pale Nairobi. Mama yako ameyasema hayo yote, na kesho atayasema tena mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja, na nimeliweka miaka kumi na minane.

Nianze na hofu, kwa kuwa ndiyo iliyonikalisha hapa. Tangu ilipokuja ile barua ya kampuni kwamba umefanywa kiongozi wa zamu ya zimamoto kwenye bohari la mafuta la Nakuru, na watu kumi na mmoja chini yako, napongezwa njia nzima kutoka msikitini mpaka dukani, na kila nikipongezwa nazidi kuogopa. Si mafuta ninayoyaogopa. Mafuta unayajua, miaka minne sasa uko nayo hapa Changamwe, na mitambo yenu ni mizuri kuliko yote niliyowahi kuishika mimi. Ninachokiogopa ni lile jambo ulilonisomea huku unacheka, kwamba kati ya hao kumi na mmoja wawili wana umri wa baba yako.

Nilicheka nawe, kisha wiki iliyopita tukaenda Kiembeni kumuaga mjomba wako Athmani. Unaikumbuka ile stovu ya mafuta ya taa? Ilikuwa inawaka, chai iko juu yake. Mjomba akaja na chupa, akaitenga sufuria kando, akaanza kumimina mafuta na tambi bado zina moto. Ulimwona, na mimi nilikuona ukimwona. Wewe, mtu uliyesomea kazi hii, cheti chako kimetundikwa ukutani hapa na kila mgeni lazima aonyeshwe. Uliinuka polepole, ukawashika mkono wale watoto wawili wa mjomba, ukawatoa nje kuwaonyesha kuku. Kisha ukarudi ukasimama mlangoni na lile gunia la kupangusia miguu mkononi, ukingoja. Hukusema neno. Mjomba akamaliza, akafunga kifuniko, tukanywa chai.

Njiani nilikuuliza mbona hukumwambia. Ukanijibu, "Ah, baba. Mjomba yule. Nitamwambiaje mbele ya mkewe?"

Wallahi jibu lile lilinitisha. Mtu mwingine angefurahi, angesema mwanangu ana adabu. Mimi nilijiona mwenyewe, mzima mzima, nimesimama mlangoni na gunia. Mama yako husema umechukua pua yangu. Ningeshukuru ingekuwa pua peke yake.

Sasa nikwambie habari za babu yako, baba wa mama yako.

Unamjua kwa picha, na kwa yale uliyoambiwa. Mimi nilimjua kabla sijamjua mama yako. Nilipoajiriwa kwenye kile kikosi cha zimamoto cha wenye viwanda, huku huku Changamwe, yeye alikuwa ameshafanya kazi hapo miaka mingi, na nikakabidhiwa kwake kama ndoo. Hakuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza aliniingiza kwenye kibanda kilichojazwa moshi wa makuti mabichi na mimi, kwa ujinga wangu, nikaingia nimesimama wima. Alinivuta suruali mpaka nikaanguka kifudifudi. "Lala chini, wewe," akasema. "Hewa iko huku chini, pamoja na panya." Na mlango uliofungwa alinifundisha niuguse kwa mgongo wa mkono. "Kiganja usikiunguze, utakihitaji." Hivi ndivyo alivyokuwa akisomesha. Nilimpenda mzee yule, na nilipomwona binti yake alipomletea chakula siku moja, nikampenda zaidi.

Nikaposa, nikapewa. Na tangu siku ya posa mambo yakageuka. Kwetu, na wewe unajua, mkwe haitwi jina lake. Humkatizi njia, humwinulii sauti, huli naye sinia moja. Nyumbani ni rahisi, maana unamtembelea mara moja kwa mwezi, unakaa barazani na kofia yako, unarudi. Lakini sisi tulikuwa zamu moja. Kituoni kulikuwa na benchi moja na sinia moja. Mimi nikawa nakula nimesimama nyuma ya gari, sahani mkononi. Kazungu, rafiki yangu yule wa Magongo unayemwita baba mdogo, alikuwa akiwaambia watu, "Mwenzetu huyu hakuoa mke, ameoa njaa."

Watu walicheka, lakini walinisifu pia. Habari zilifika Likoni, mpaka Mtongwe kwao mama yako, jinsi yule kijana wa zimamoto anavyomstahi mkwewe hata kazini. Nami nilipenda kusifiwa, mwanangu. Usifikiri nilimheshimu mzee kuliko wengine wanavyowaheshimu wakwe zao. Nilipenda kuonekana namheshimu, na mpaka leo nikilifikiria hilo nasikia haya usoni.

Kisha wakanifanya kiongozi wa zamu, mimi, juu yake. Mimi nilijua kusoma na kuandika ripoti, yeye alijua moto, na wakubwa walitaka ripoti. Hakunionyesha kinyongo hata siku moja. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, kisha akaenda kupanga mipira ya maji kama nilivyoagiza. Na kuagiza kwenyewe kulikuwa hivi: sikumwagiza. Nilimwambia Kazungu, "Ingefaa mipira ipangwe," na mzee akasikia.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kazi yetu ilikuwa na sharti moja ambalo wewe mwenyewe umefundishwa. Mkitoka ndani ya moto, kiongozi anaita majina, mmoja mmoja, na kila mtu anaitika kwa kinywa chake. Huhesabu vichwa, maana kwenye moshi koti moja ni sawa na jingine na nyuso zote ni nyeusi. Zamu yangu ilikuwa na watu wanane. Mimi niliita majina saba. La nane sikulitamka. Nilipofika kwake nilikuwa namtafuta kwa macho, nikimwona nainamisha kichwa kidogo, basi.

Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Kilonzo, mtu wa bara, asiyejua mambo yetu ya ukwe na asiyetaka kuyajua. Aliliona hilo siku moja kwenye mazoezi. Akaniuliza mbele ya watu, "Na huyu mzee? Jina lake linakuuma meno?" Nikamwambia tumezoeana, bwana. Akasema, "Ama umuite, ama uombe ahamishwe zamu nyingine. Chagua." Sikuchagua. Niliona hana adabu, nikamwachia hapo.

Lakini babu yako alilisikia. Jioni ile tulikuwa tunaosha mipira, akanijia, akazungumza akiangalia pembeni, vile mkwe anavyozungumza na mkwe.

"Niite tu," akasema. "Huku kazini mimi ni mtu wako."

"Siwezi, mzee. Watu watasema sikulelewa."

"Watu gani?"

Nikaendelea kusugua mpira. Kisha nikamwambia jambo nililoliona la busara sana. Nikamwambia, "Wewe ikifika zamu yako ya kuitwa, kohoa tu. Nitajua."

"Kukohoa?" Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya tangu nioe. Nilidhani atasema kitu. Akainua mpira wake begani, akasema, "Haya, mwanangu. Kama ndivyo utakavyo."

Naye pia alinistahi, unaona. Aliliona kosa langu, akaona vibaya kunitia aibu, mimi mume wa binti yake. Tulistahiana hivyo, na kila mtu akatusifu.

Godauni lile unalolisikia likitajwa nyumbani lilikuwa la katani, marobota yaliyokazwa kwa kamba yamepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na mabati, milango miwili, mmoja upande wa barabara na mmoja upande wa reli. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, wewe uko darasa la pili, shuleni. Moto wa katani hauna haraka. Unajificha ndani ya robota unakula taratibu, na nje unaona moshi tu, mweupe na mzito. Ukiumwagia maji, robota linavimba, na yakivimba mengi yanaanza kusukumana, na safu nzima inaweza kukuangukia. Haya nilikuwa nayajua. Mashine za kupumulia tulikuwa nazo mbili, moja mtungi wake ni mtupu, na ombi langu la kuujaza limelala mezani kwa mtu. Kwa hiyo wengi wetu tuliingia na vitambaa vilivyolowa maji puani. Wawili wawili. Babu yako aliingia na Kazungu, kupitia mlango wa reli.

Haikupita nusu saa nikasikia marobota yanalia. Ni sauti ya kamba inayovutwa mno. Nikapiga filimbi mara tatu, watoke wote. Nao wakatoka, kutoka milango yote miwili, wengine wanajikokota, wengine wameinama wanatapika, moshi unatufuata mpaka barabarani. Nikaanza kuita. Kazungu. Naam. Mwero. Naam. Omari, Saidi, Ngala, Charo, na yule kijana Bakari. Wote waliitika, sauti zimepasuka. Nikafika mahali pa nane.

Nikageuka kumtafuta, moshi haukuniruhusu kuona. Nikatega sikio. Kila mtu alikuwa anakohoa, mwanangu. Watu saba wametoka kwenye moshi wa katani, wote wanakohoa. Na kutoka upande wa gari nikasikia kikohozi kizito cha mtu mzima, nikasema moyoni, huyo pale.

Nikamwinulia mkono Bwana Kilonzo, alama ya kwamba wote wako nje.

Na kwa kuwa wote wako nje, yeye akafanya lililo sahihi. Akaamuru mabomba makubwa mawili yaelekezwe ndani, moja kila mlango, na maji yakaingia kwa nguvu ambayo huwezi kuitumia pakiwa na watu. Nilisimama nikitazama. Nakumbuka nilikuwa naona fahari kidogo jinsi tulivyotoka haraka.

Robo saa baadaye Kazungu akanijia, ananawa uso. Akaniuliza, "Mzee yuko upande wa reli?"

"Hapana, yuko kwenye gari."

"Kwenye gari ni Saidi. Anatapika."

Tulitazamana. Kazungu alikuwa ametoka mbele akiuvuta mpira nyuma, alidhani mzee anamfuata. Sikumwuliza zaidi. Nilikimbia nikipiga kelele mabomba yafungwe, na hapo, kwenye mbio hizo, ndipo nilipoliita jina lake kwa mara ya kwanza tangu nioe. Hamisi Bakari. Niliita Hamisi Bakari mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyeniona sina adabu.

Tulimkuta hatua sita kutoka mlango wa reli, amelala kifudifudi, kichwa kimeelekea nje, na safu ya marobota yaliyolowa juu ya miguu na mgongo wake. Hakuwa ameungua hata nywele.

Sijui kama alikuwa hai nilipokuwa naita yale majina saba. Hatua sita si mbali. Huenda alikuwa ameteguka mguu, au amezidiwa na moshi, anangoja kidogo apate nguvu. Huenda alikuwa anasikia majina ya wenzake yanaitwa. Na kuna jambo ninaloliogopa kuliko kaburi langu, nalo sijawahi kumwambia mtu: huenda alikohoa, huko ndani, kama tulivyopatana.

Jioni Bwana Kilonzo alitukusanya. Akaniuliza mbele ya wote, "Uliita majina yote?"

Nikasema, "Niliita, bwana."

Akawatazama wenzangu. Kazungu aliangalia buti zake. Mwero aliangalia mlango. Hakuna aliyefungua kinywa, na wote walikuwa pale, wote walijua kwamba sikuwahi kuliita jina lile hata siku moja. Kisha nikakaa na karatasi, mimi nijuaye kuandika ripoti, nikaandika kwamba marehemu alitoka na wenzake, kisha akarudi ndani bila amri. Nikatia sahihi.

Siku ya pili nilivuka kwenda Mtongwe. Bibi yako alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia, kama ilivyo ada. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Amerudi kufuata nini, mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Mkaidi," akasema. "Maisha yake yote mkaidi. Nilimwambia aiache kazi hii."

Alikaa eda yake yote akimkasirikia. Watu walikuja kumhani wakamkuta anamlaumu marehemu, kwamba kama angesikia amri angekuwa hai. Amekufa bibi yako na hasira hiyo, sikumwondolea. Na mama yako akaipokea kwake. Ulipokuwa mdogo ukikataa kula, ukipanda juu ya ukuta, ukikataa kwenda chuo cha Kurani, alikwambia nini? "Usiwe mkaidi kama babu yako, ukaja ukafa bure." Nilikuwa hapo nimekaa, nasikia. Tumekulea kwa uongo wangu, Rashidi. Babu yako hakuwa mkaidi. Katika maisha yake yote ya kazi sikumbuki amri hata moja aliyoivunja, na ile ya mwisho, ya kukohoa, ilikuwa yangu.

Utauliza wenzangu walinyamazia nini. Nilimwuliza Kazungu, miaka mingi baadaye. Akasema, "Mke wako alikuwa na mimba ya mdogo wake Rashidi, na mzee ameshakwenda. Tungekuongezea nini?" Walinihurumia. Nawapenda kwa hilo na nawaogopa kwa hilo. Kwenye kazi yako utakutana na huruma ya aina hiyo, watu wazuri watakaokufunika ili usiaibike, na wewe utataka kuwafunika. Nakuomba uiogope kama unavyoogopa harufu ya gesi.

Sikuacha kazi. Labda ingekuwa afadhali. Niliendelea kuwa kiongozi, na kwa kuogopa nikageuka mtu mwingine. Nikawa naita majina hata watu wakienda kunywa maji. Nikawa mkali, napiga kelele kwa kila kitu, na nikadhani huo ndio usalama. Mpaka siku moja nikagundua kwamba kijana mmoja alikuwa anaingia kwenye moshi na barakoa yenye ufa, wiki tatu, kwa sababu aliogopa kuniambia ameiangusha. Kwanza nilikuwa kiongozi asiyeweza kusema, kisha nikawa kiongozi asiyeweza kuambiwa. Sijui ni kipi kibaya zaidi. Nafikiri mtu anaweza kufa kwa vyote viwili.

Jambo moja nililifanya vizuri, nikwambie ili usidhani baba yako ni majuto matupu. Palitokea moto kwenye tangi la mafuta ya nazi, na mkuu aliyekuja baada ya Kilonzo akataka niwaingize watu wawili na mtungi mmoja wa hewa, wapokezane. Nikamwambia hapana. Akasema ni amri. Nikamwambia nimeisikia, na bado ni hapana, andika jina langu. Akaniita mwoga mbele ya wote. Tangi likaungua lote, na baada ya hapo sikupandishwa cheo tena, ndiyo maana nimestaafu nikiwa pale pale nilipokuwa. Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini, nikakwambia ni siasa. Haikuwa siasa. Na alisema kweli, nilikuwa mwoga. Nilitetemeka magoti nilipokuwa namwambia hapana. Nimegundua kwamba mtu anaweza kutetemeka na kusema hapo hapo.

Sasa wale wazee wawili wa Nakuru. Hawatakuwa wakwe zako, inshallah, ingawa kwa ulivyo na haya unaweza ukawageuza wakwe siku ya kwanza. Waamkie. Kaa uwasikilize, maana wanaujua moto usioandikwa kwenye kitabu chako. Wakitaka kiti chako wape. Lakini filimbi ikilia, hakuna mzee. Waite wao kwanza, kila mmoja kwa jina lake na la babake, na usiende kwa mwingine mpaka umesikia maneno kutoka kinywani mwake. Usikubali mkono ulioinuliwa, wala mtu mwingine amwitikie. Mmoja wao atakasirika, atakwambia kijana wewe umelelewa wapi. Mwache akasirike, arudi kwa mkewe akiwa amekasirika. Wewe mwambie umelelewa Magongo na mtu aliyeona haya.

Na mjomba wako Athmani, mwandikie kuhusu ile stovu. Yeye ni mtoto wa Hamisi Bakari. Nimeshindwa mimi kumwambia, na sababu zangu sasa unazijua.

Nakuogopea, mwanangu. Nikifumba macho naona una watu wako wamesimama kwenye moshi na wewe unaona haya. Nimewahi kutamani ile barua ya kampuni ipotee njiani. Nimewahi kutamani uwe karani, uwe mpishi huko Shanzu hotelini, uchomwe na mafuta ya kukaangia basi. Lakini ulikulia mgongoni mwa gari la zimamoto, na kosa hilo pia ni langu.

Nilikusudia kuitia barua hii ndani ya sanduku, chini ya nguo, uikute Nakuru. Na mwishoni nilikusudia kuandika: mama yako asijue. Nimefika hapo, nimeshika kalamu kuyaandika maneno hayo, nikaona ninachokifanya. Ningekufanya Kazungu. Ungerudi nyumbani kila likizo ukaangalia buti zako.

Mama yako amepita mlangoni sasa hivi, mikono ina unga. Ameniuliza, "Unaandika nini kirefu hivyo, na mtoto mwenyewe yuko uani?" Nimemwambia akanawe mikono, aje akae. Amenitazama vibaya, akauliza kama naumwa. Nimemwambia siumwi, akanawe. Namsikia kwenye mtungi, anamwaga maji. Moyo unanidunda kuliko siku ile ya tangi.

Kwa hiyo barua hii hutaipata mkononi mwangu. Namsomea yeye kwanza, yote, kisha namwachia aifanye atakavyo, maana Hamisi Bakari alikuwa baba yake. Akitaka kuichoma ni haki yake, na akitaka usinipe mkono kesho kituoni ni haki yake pia. Ikiwa unaisoma, basi ni yeye aliyekupa.

Babako